Mistari Mifupi ya Gaudens

Mwaka tisini na saba kazi yangu ilikuwa kufagia ramani za watu. Sina jina jingine la kuiita. Mpima anapima kiwanja, anachora kwa programu yake, anakuletea disketi. Wewe unaingiza michoro ile kwenye programu yako, ile inayosimamisha kuta na kuezeka mabati humo humo kwenye kompyuta, na kila kitu kinafika kimevunjika. Kona hazikutani. Mstari mmoja umekuja mara mbili, umelaliana na mwenzake. Duara la kisima limegeuka vijiti arobaini. Maandishi, kama programu yako haina herufi alizotumia mwenzako, yanakuja alama za kuuliza tupu.

Na programu ile ilikuwa na kiburi. Haikubali kusimamisha ukuta mpaka mistari ya chini iwe imefungana kabisa. Ukiangalia kwa mbali unaona imefungana. Ukiisogelea, ukaikuza na kuikuza, unakuta nafasi ya milimita mbili, na kwa sababu ya milimita mbili hizo ghala zima linakataa kusimama. Watu wengi walishindwa kazi ile. Wanalalamika, wanapiga meza, wanarudi kwenye kalamu za wino na karatasi ya mafuta. Mimi niliipenda. Nilikuwa na hasira na vitu vilivyopinda tangu utotoni, na hapo nililipwa mshahara kwa hasira hiyo.

Naitwa Eufrazia. Kwetu ni Peramiho, lakini wakati huo nilikuwa na miaka sita Dar, nimepanga chumba Tandale, na kila asubuhi natembea kwa mguu hadi ofisini Kinondoni. Ofisi ilikuwa ya bwana Zoeb, juu ya duka la vipuri vya magari. Zoeb alikuwa msanifu wa majengo, mtu mpole, mzaliwa wa hapa hapa mjini, na alikuwa ameiagiza kompyuta ile kutoka Dubai kabla hajajua nani ataitumia. Nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kinene chenye kurasa zilizochanika. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na mtu mwingine pale ofisini aliyeweza hata kuiwasha vizuri, na mimi nililijua hilo, na lilinipanda kichwani. Nasema mapema ili msije mkanionea huruma.

Nilikuwa na sheria zangu za kufagia. Ile ya kwanza: nafasi yoyote ndogo kuliko sentimita tano inazibwa. Ya pili: mistari iliyolaliana, mmoja unafutwa. Ya tatu nilijitungia mwenyewe na nilijivunia kuliko zote: kwenye mchoro wa mpaka wa kiwanja, mstari wowote ulio chini ya mita moja ni uchafu. Nani ana mpaka wa sentimita sitini? Mipaka ya watu ni mita kumi, ishirini, thelathini. Vile vijistari vifupi ni mkono wa mpima uliotetemeka, au ni programu iliyovunja mstari mmoja mrefu ikatoa vipande. Kwa hiyo niliiagiza kompyuta ivitafute vyote, ivifute, kisha nikaunganisha ncha mbili zilizobaki kwa mstari mmoja ulionyooka. Kazi ya siku tatu nikaimaliza kwa saa moja. Zoeb alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu akitazama kuta zinavyosimama, anasema, “Eufrazia, wewe ni mchawi.”

Faili la Temeke lililetwa na Gaudens siku ya Jumatatu, disketi tatu zimefungwa kwa mpira. Gaudens alikuwa mpima wa kujitegemea, Mhaya, mtu wa maneno machache, ambaye kazi zake zilikuwa nzuri ila alichora kwa programu ya zamani. Aliniachia disketi akasema anasafiri kesho yake kwenda Sumbawanga, kuna kazi ya miezi miwili ya mashamba. Nilimwuliza kama kuna jambo lolote la kuangalia. Akasema, “Nimeandika yote humo ndani.” Ni kweli alikuwa ameandika. Maandishi yake yalifika kwangu alama za kuuliza, safu ya alama kumi na mbili hivi pembeni ya mpaka wa nyuma, na mimi nikazifuta pamoja na uchafu mwingine.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha Bi Mwajabu. Huyu alikuwa mama wa Kizaramo, mzaliwa wa Temeke, na baba yake na babu yake walizaliwa pale pale kabla Temeke haijawa mji. Mume wake alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kikauzwa, watu wakapunguzwa, naye akafa mwaka uliofuata akiwa bado anangoja barua ya mafao. Bi Mwajabu akabaki na nyumba ya vyumba vinne na uwanja mkubwa nyuma, na akaamua kuuza ule uwanja. Mnunuzi alikuwa Fazal, mfanyabiashara wa mitumba, aliyetaka kujenga ghala la kuhifadhia marobota. Siku hizo mitumba ilikuwa inaingia nchini bila kikomo na maghala yalikuwa yanaota kila kona.

Bi Mwajabu aliuza kwa sharti moja, mbele ya mjumbe. Nyuma ya nyumba, mkabala na mlango wa jikoni, palikuwa na kaburi la mwanawe wa pekee. Alizaliwa mwaka sitini na moja, akaishi siku tisa. Siku ya saba walimpa jina, Lulu, na siku ya tisa wakamzika pale, kwa sababu watu wa nyumba ile walizikana hapo hapo nyumbani, wakubwa upande wa mbele. Kaburi la kichanga, mawe mawili tu, moja kichwani na moja miguuni. Lilikuwa nje kidogo ya mstari wa kugawa kiwanja, upande wa Fazal. Kwa hiyo wakakubaliana kwamba mpaka utapinda. Utafika pale, utaingia upande wa Fazal sentimita sitini, utatembea sentimita tisini sawa na urefu wa kaburi, utarudi sentimita sitini, kisha utaendelea na safari yake. Gaudens alipimia kamba mwenyewe, Bi Mwajabu amesimama pembeni akimwonyesha.

Sitini, tisini, sitini. Yote chini ya mita moja.

Haya yote niliyajua baadaye. Jumatatu ile nilijua tu kwamba faili la Temeke lilikuwa na makosa mia nne na kitu, na kabla ya saa ya chakula yalikuwa sifuri. Nilihifadhi kazi yangu juu ya faili lile lile la Gaudens, kama kawaida. Disketi zake nikazifuta, kama kawaida vilevile, maana disketi zilikuwa adimu na sisi tulizizungusha mpaka zinakufa. Jumanne nikasimamisha ghala. Ukuta wa nyuma ulitoka mrefu, mweupe, umenyooka kutoka kona hadi kona. Niliuzungusha huku na huku kwa mausi nikautazama kwa raha kabisa.

Alhamisi wakaja wote wawili, Fazal na Bi Mwajabu, waone na waweke sahihi. Fazal alikuwa na haraka, alikuwa na kontena bandarini. Bi Mwajabu alikuwa na umri wa miaka sitini hivi, mwembamba, amevaa buibui lililofifia, na alipanda ngazi zetu taratibu akishika ukuta.

“Shikamoo mama,” nikamwambia.

“Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye kuchora?”

“Ndiye mimi.”

“Mashaallah. Mtoto wa kike.”

Nikamwekea kiti mbele ya kompyuta. Zoeb akamweleza hapa ni nyumba yako, hapa ni njia, hili ndilo ghala la mzee Fazal. Nikamzungushia ghala alione pande zote. Akacheka kidogo, akasema kumbe mambo yamefika huku. Kisha akasogea mbele, akaweka kidole kwenye kioo, karibu na ukuta wa nyuma.

“Na hapa mmepindisha?”

“Mama?” Zoeb akauliza.

“Ukuta. Nina kaburi la mwanangu pale. Yule bwana mpima nilimwonyesha, akaweka na vijiti vyake. Tuliafikiana na Bwana Fazal utapinda.”

“Kweli, tuliafikiana,” Fazal akasema. Alikuwa anaangalia saa.

Wote wakanitazama mimi. Nilikumbuka zile alama za kuuliza, na nilikumbuka vijistari vitatu, kwa sababu kompyuta ilikuwa imevipaka rangi nyekundu kabla sijavifuta na nilikuwa nimejiambia huyu Gaudens leo kalewa. Nilijua hapo hapo, bila shaka yoyote, nilichokuwa nimefanya. Ilitosha kusema, “Subirini, kuna kosa.” Maneno matatu. Lakini Zoeb alikuwa amesimama pale, aliyeniita mchawi, na mteja aliyekuwa na haraka, na mimi sijawahi kukosea mbele ya watu.

“Umepinda, mama,” nikasema. “Ni kidogo, kwa mbali hauonekani. Mpaka uusogelee.”

“Basi usogelee nione.”

Hapo Zoeb, kwa nia njema kabisa, akaniokoa. “Mama, ikisogelewa inaanza kuchora upya yote, itatuweka nusu saa. Huyu binti akisema upo, upo.”

Bi Mwajabu akanitazama. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni kwangu. Akasema, “Haya. Mimi si mjuzi wa hizi,” akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, polepole, kila herufi na nukta zake. Aliandika vizuri kuliko sisi sote mle ndani. Akatuaga akisema anakwenda moja kwa moja Kisarawe kwa dada yake, kuna arobaini ya shemeji yake, atakaa siku kumi. Fazal akakunja nakala zake za ramani, akaziweka kwapani, akashuka.

Nilijiambia nitatengeneza mchana ule ule. Mtu asiniambie kwamba sikukusudia, nilikusudia kweli. Walipoondoka tu nikafungua faili. La kwangu lilikuwa safi, hakuna kipande cha Gaudens kilichobaki. Nikachukua disketi zake moja moja. Mbili zilikuwa na kazi ya shule fulani ya Tegeta, ya tatu ilikuwa tupu. Gaudens alikuwa barabarani kuelekea Sumbawanga na daftari lake la vipimo, na huko hakukuwa na simu.

Njia ilikuwa moja, na haikuwa ngumu hata kidogo. Kutoka Kinondoni hadi Temeke si safari. Ningechukua futi kamba, nikaenda, nikapiga hodi, nikapima kutoka kona ya nyumba hadi kwenye yale mawe mawili. Robo saa. Kama Bi Mwajabu alikuwa ameshaondoka, majirani wangenionyesha. Lakini majirani wangeuliza, mbona unapima tena? Na wangemwambia akirudi: yule binti wa ofisini alikuja kupima kaburi. Na yeye angejua kwamba siku ile nilimdanganya, tena nikiwa nimemkazia macho. Niliona aibu hiyo kubwa kuliko kitu chochote. Leo nikiipima naiona ndogo, lakini Alhamisi ile ilinijaa hadi kooni.

Basi nikakisia. Nilikumbuka zile alama za kuuliza zilikuwa kama katikati ya ukuta, labda kidogo upande wa choo. Nikaweka nukta hapo. Urefu wa vile vijistari vyekundu niliukumbuka, nikachora sitini, tisini, sitini, kona zimekaa sawasawa, zinafungana bila nafasi, safi kuliko alivyochora Gaudens. Ukuta ukasimama na kipindo chake. Nikachapa karatasi mpya, nikaandika juu yake kwa kalamu nyekundu, “Tumieni hii, ile ya kwanza mtupe.” Kumbe ile ya kwanza, iliyoondoka kwapani mwa Fazal, ilikuwa imeshafika kwa mafundi. Jumamosi asubuhi dereva wake alipopita ofisini nikampa hii ya pili apeleke kwa fundi mkuu. Zoeb aliuliza kuna nini, nikasema marekebisho madogo. Nilirudi Tandale, nikapika, nikala, nikalala vizuri. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nililala vizuri.

Siku kumi na moja baada ya Alhamisi ile, Jumatatu, Fazal akapiga simu. Zoeb alisikiliza muda mrefu, akaweka simu chini, akaniambia chukua ramani za Temeke twende. Ndani ya gari akanieleza. Yule mama amerudi kutoka Kisarawe, amekwenda nyuma ya nyumba, ameingia kwenye mtaro wa msingi, amekaa. Hataki kutoka na haongei na mtu. Mashine ya zege imeshaanza kazi na vibarua wamesimama.

“Anasema nini?” nikauliza.

“Nimekwambia haongei,” Zoeb akasema. “Si tuliupindisha ule ukuta?”

“Tuliupindisha,” nikasema.

Tukafika. Mtaro ulikuwa umechimbwa mzunguko mzima, upana wa hatua moja, kina cha magoti kupita, nondo zimeshalazwa ndani. Upande wa nyuma, karibu na choo, nilikiona kipindo changu. Mafundi walikuwa wamekitengeneza vizuri sana, mbao zimepigiliwa, nondo zimekunjwa kona kwa kona kama nilivyochora. Na hatua tano kutoka pale, mtaro ukiwa umenyooka, mkabala kabisa na mlango wa jikoni, alikuwa amekaa Bi Mwajabu. Alikaa chini ndani ya mtaro, juu ya changarawe, miguu ameinyoosha katikati ya nondo mbili. Buibui alikuwa amelivua amelikunja mapajani, amebaki na kanga.

Fundi mkuu aliitwa Marselino, mtu wa Kigoma, mkubwa wa mwili na sauti ya chini. Alitupokea pembeni, akaanza kujieleza kabla hajaulizwa.

“Bosi, mimi nilianza Ijumaa na ramani aliyoniletea mzee Fazal. Ukuta umenyooka. Tukachimba umenyooka. Jumamosi mchana ndiyo dereva akaja na hii nyingine, ina pindo. Basi tukachimba na pindo, pale ilipoonyesha. Kila kitu mimi nimefuata ramani.”

“Mlikuta nini hapa?” Zoeb akauliza, akionyesha alipokaa Bi Mwajabu. Alikuwa ameanza kuelewa, na uso wake ulikuwa umebadilika.

“Mawe mawili tuliyatoa. Mawe yapo kila mahali. Kama ingekuwa na msalaba, au saruji, au hata kibao, ningeuliza. Ramani haikuonyesha kitu.” Akashusha sauti zaidi. “Na chini yake hatukuona kitu, bosi. Udongo tu. Kichanga, miaka yote hiyo.”

“Udongo uko wapi?”

“Ulibebwa Ijumaa hiyo hiyo. Lori mbili. Wanajazia mashimo huko barabarani, mimi sijui lipi lilimwaga wapi.”

Fazal alikuwa amesimama upande wa pili wa mtaro na kofia yake ya dhahabu na nyeupe. Sikuwahi kumpenda yule mtu, lakini lazima niseme kwamba alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake ilikuwa inasoma kitu.

Zoeb akasogea mpaka ukingoni, akachuchumaa. “Shikamoo mama,” akasema. “Mama, tunakuomba radhi. Hapa pametokea kosa. Hizi kompyuta ni kitu kipya kwetu. Ukiingiza mchoro kutoka kwa mwingine, inavunja baadhi ya vitu. Kompyuta imekosea.”

Bi Mwajabu alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi. Sasa akainua uso.

“Kompyuta ilifika hapa Temeke ikamwona Lulu?”

Zoeb akainuka, akapangusa vumbi magotini.

“Mie nakaaga pale,” Bi Mwajabu akasema, akielekeza kidevu kwenye kizingiti cha jikoni. “Nikipepeta mchele, nikichambua mboga, natazama hapa. Miaka thelathini na sita. Sihitaji ramani. Wao wamenijengea kipindo kule kwenye choo. Nani alisema yuko kule?”

Vibarua walikuwa wamesimama na mikokoteni yao ya zege wakitazama chini. Nilikuwa nimeshika zile ramani zimekunjwa. Zoeb alikuwa ameshanipa mlango wa kutokea, kompyuta imekosea, na kila mtu pale angelikubali hilo, maana mwaka tisini na saba nani angebisha? Ningeweza kunyamaza tena. Nafikiri kilichonishinda ni yale macho. Aliyazungusha kwa watu wote pale akaja akayatuliza kwangu, na hayakuwa na hasira, yalikuwa yanauliza kweli.

“Mimi, mama,” nikasema. “Si kompyuta. Kompyuta ilileta pindo la mpima mahali pake. Mimi ndiye nililifuta nikalinyoosha, niliona ni uchafu. Halafu nikakisia nikalichora kule.”

Zoeb akageuka kunitazama. Sikumtazama.

“Siku ile nilipokuuliza,” Bi Mwajabu akasema, “ulikuwa unajua?”

Swali hilo nilikuwa nimelikimbia siku kumi na moja.

“Nilikuwa najua.”

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa bei ya kitu sokoni na ameisikia. Hakunilaani. Nilitaka anilaani. Nilitaka apige kelele, majirani watoke, wanitukane, mtu anizabe kofi. Hakufanya chochote. Alichukua changarawe mbili tatu alipokaa, akazitazama kiganjani, akazirudisha chini.

“Una mtoto?”

“Sina, mama.”

“Haya.”

Marselino akakohoa. Alikuwa mtu mzuri, nasema kweli, na kazi ya kusema lile jambo ilimwangukia yeye kwa kuwa wenye mali na wenye elimu tulikuwa tumenyamaza. “Mzee Fazal, zege linashika. Likikaa robo saa nyingine tutalimwaga.”

“Tupindishe hapa,” nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. “Tuchimbe upya hapa mahali pake, sasa hivi, bado kuna nafasi. Sitini kwa tisini. Nitachora, nitasimama hapa nipime mwenyewe.”

Fazal akainua kichwa. “Mimi sina neno,” akasema. “Mpindishe. Zege limwagwe, nitanunua jingine.”

“Dada,” Marselino akaniambia taratibu, “tupindishe tukwepe nini? Pameshachimbwa. Udongo wenyewe haupo.”

Tangu nianze kazi ile nilikuwa nimeamini kwamba hakuna mchoro uliovunjika ambao siwezi kuuunga. Ukiwa na subira, ukijua pa kushika, kila kona itakutana na mwenzake.

“Amesema kweli,” Bi Mwajabu akasema kutoka mle mtaroni. “Hakuna cha kupindishia.” Kisha akatazama kule kwenye choo, kwenye kipindo changu chenye mbao zake na nondo zake. “Na lile mlinyooshe tu. Pale hakuna mtu.”

Marselino akawaita vibarua wawili, wakaenda kung’oa mbao. Misumari ilikuwa inatoka kwa kelele. Bi Mwajabu alibaki amekaa, akasoma Fatiha kwa sauti ndogo, akapangusa uso kwa viganja, akatafuta pa kushika ili ainuke. Nondo zilikuwa zinamzuia kila upande na miguu ilikuwa imemfa ganzi. Zoeb hakusogea, wala Fazal, kwa kuwa alikuwa mwanamke na wao hawakuwa ndugu zake. Wote walikuwa wananingoja mimi.

Nikaziweka ramani chini, nikashuka mtaroni. Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamwinua. Alikubali nimwinue, hakunisukuma, wala hakunishika. Hakuwa mzito hata kidogo. Marselino alisubiri mpaka tukawa tumepanda ukingoni, mimi na yeye, kisha akawaambia vibarua wamwage.